Nani Alizichukua Pembe? Historia ya Maziwa ya Gishwati



Mwaka mmoja niliwapeleka wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu Nyanza, kuitazama nyumba ya wafalme wa kale wa Rwanda. Mbele ya nyumba ile iliyoezekwa kwa nyasi, watunzaji waliwaleta Inyambo, ng'ombe wa kifalme, nao wakapita kwa madaha, shanga zikining'inia kwenye paji la uso na pembe zikipaa juu mfano wa matao. Wanafunzi walinyamaza. Kisha mmoja wao, kijana wa Mbugangari, akanigeukia: "Mwalimu, ng'ombe wanaotupa maziwa kule kwetu hawana pembe kama hizi. Nani alizichukua?"

Nilicheka, nikamwahidi kwamba nitamjibu darasani. Nilipokaa kuandaa jibu niliona kwamba siwezi kulitoa kwa sentensi moja. Makala haya ndiyo jibu lenyewe, nami naliandika hapa ili nanyi wengine mnaojifunza Kiswahili mpate kulisoma, na pengine kunisahihisha.

Kwa msomaji asiyeijua Mbugangari, ni mtaa wa mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, jirani kabisa na mpaka wa Goma. Hakuna malisho hapa. Kuna nyumba zilizobanana, mawe meusi ya volkano, soko, na watu wanaovuka mpaka kwenda na kurudi, wengi wao wakizungumza Kiswahili tangu zamani, kabla hakijatangazwa kuwa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017. Hata hivyo, maziwa hayakosekani. Kila alfajiri yanateremka kutoka milimani kwa pikipiki, baiskeli na magari, na ifikapo saa moja vibanda vya maziwa vimekwisha kufunguliwa: maziwa ya moto kwa wenye haraka, na kwa wenye subira maziwa ya mgando, ambayo Wanyarwanda huyaita ikivuguto. Watoto wa mtaa huu wanajua maziwa kabla ya kumjua ng'ombe.

Basi tuanze na ng'ombe.

Ng'ombe wa asili wa nchi hii ni wale wa jamii ya Ankole, wenye pembe ndefu, wanaopatikana pia Uganda, Burundi, Karagwe na Kivu. Inyambo walikuwa tawi teule miongoni mwao. Wafugaji wa mfalme hawakuwachagua kwa wingi wa maziwa. Waliwachagua kwa urefu wa pembe, kwa rangi ya hudhurungi iliyokolea, kwa mwendo wa taratibu na kwa utulivu mbele ya umati. Kizazi baada ya kizazi, fahali mwenye pembe fupi hakupewa nafasi ya kupanda, na ndama aliyezaliwa na sifa zilizotakiwa alitungiwa shairi la sifa. Uchaguzi wa namna hiyo ndio uzalishaji wa mifugo, hata kama hakuna aliyekuwa na daftari wala mizani. Huko Uingereza katika karne ya 18, mkulima Robert Bakewell wa Dishley alipata umaarufu kwa kuwachagua na kuwapandisha kondoo na ng'ombe wake kwa makusudi. Wafugaji wa Rwanda walikuwa wakiifanya kazi hiyohiyo, ila wao walitafuta uzuri na heshima, naye alitafuta nyama na pato.

Ng'ombe wa Ankole hutoa maziwa machache. Baada ya ndama kunyonya, mkamuaji hupata lita moja au mbili kwa siku, mara chache zaidi ya hapo. Ni maziwa yenye mafuta mengi, matamu, na siagi yake ilipakwa mwilini na kuhifadhiwa. Lakini lita mbili hazilishi mji, wala hazikukusudiwa kufanya hivyo. Zamani maziwa yalikuwa ya nyumba, ya mgeni na ya mkubwa. Ng'ombe mwenyewe alikuwa dhamana ya uhusiano baina ya watu. Katika desturi iliyoitwa ubuhake, mtu mwenye mifugo alimkabidhi mwenzake ng'ombe, na aliyekabidhiwa akawa chini ya ulinzi wake na akamtumikia. Maziwa yalikuwa ya mtumishi, lakini ng'ombe angeweza kuchukuliwa siku yoyote. Mwaka 1954 Mfalme Mutara wa Tatu Rudahigwa aliifuta desturi hiyo na kuamuru mifugo igawanywe. Nawaomba mkumbuke jambo hilo, kwa sababu biashara ya maziwa haiwezi kusimama mahali ambapo mkamuaji hana uhakika kama kesho ng'ombe atakuwa wake.

Kabla ya hapo palitokea balaa ambalo darasani hatulitaji vya kutosha. Mwishoni mwa miaka ya 1880 ugonjwa wa sotoka uliingia pembe ya Afrika pamoja na mifugo iliyoletwa kwa meli, ukashuka kusini kwa kasi ya kutisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, katika enzi ya Kigeli wa Nne Rwabugiri, ulifika Rwanda na kufagia mazizi. Wazee waliuita muryamo. Makundi yaliyokuwepo baadaye, yakiwemo ya Inyambo, yalijengwa upya kutokana na mabaki. Ugonjwa huo haupo tena duniani. Ulitangazwa kuwa umetokomezwa mwaka 2011, na mojawapo ya silaha kubwa zilizoushinda ni chanjo aliyoibuni Walter Plowright akiwa Muguga, nchini Kenya, mnamo 1960 hivi. Muguga hiyohiyo ndiyo iliyotupa baadaye chanjo ya ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe na kuua ndama wengi kuliko fisi na chui. Mfugaji wa Rubavu anayechanja mifugo yake ana deni huko, na ni vyema alijue.

Sasa tupande mlimani.

Ukitoka Gisenyi kwa barabara ya Musanze, kisha ukakata kulia kuelekea kwenye vilele, unaingia Gishwati. Leo utaona vilima vya kijani vilivyogawanywa kwa nyua, ng'ombe weusi na weupe wamelala nje kwenye ukungu usiku na mchana, na hapa na pale kibanda cha mchungaji. Wageni hupiga picha na kusema panafanana na Uswisi. Mimi sentensi hiyo hunikera kidogo, kwa sababu inamsahaulisha mtu kuuliza palifanana na nini zamani. Palikuwa msitu. Gishwati ulikuwa mmoja wa misitu mikubwa ya milimani nchini, wenye sokwe na nyani, nao wafugaji waitwao Abagogwe walichunga ng'ombe wao wenye pembe ndani yake na pembezoni mwake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 zilikuwa zimebaki hekta 28,000 hivi.

Kuanzia mwaka 1980, Benki ya Dunia iligharamia mradi mkubwa wa misitu na mifugo. Fikra yenyewe ilionekana nzuri katika karatasi: sehemu moja ya msitu wa asili ihifadhiwe, nyingine ipandwe misonobari kwa ajili ya mbao, nyingine ifyekwe iwe malisho ya ng'ombe wa maziwa. Nchi ilihitaji maziwa, na ardhi ilikuwa haba. Tena mahali penyewe palifaa kweli. Gishwati iko kwenye mwinuko wa mita 2,000 na zaidi, vilele vingine vikikaribia 3,000. Baridi hiyo huwapunguza kupe, mbung'o hawapo, na nyasi hazikauki hata kiangazi. Ng'ombe wa Ulaya ambaye angekufa kwa joto na magonjwa huko Bugesera, hapa hunawiri.

Ila msitu ulipofyekwa, malisho hayakumwendea kila mtu. Sehemu yake iliishia mikononi mwa wakubwa wa utawala wa siku zile, nao wafugaji waliokuwa wakipita humo tangu mababu wakakuta uzio. Kisha mwaka 1991, vita vikiendelea kaskazini, Abagogwe wengi waliuawa, na mwaka 1994 yakaja mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Ng'ombe nao walichinjwa kwa maelfu, kwa sababu kumuua ng'ombe wa mtu kulikuwa njia ya kufuta alama ya mtu huyo. Siwezi kuandika historia ya maziwa ya eneo hili nikairuka aya hii.

Baada ya 1994 walirudi wakimbizi, wengine wakitokea Masisi na kwingineko Kongo, wakiwa na mifugo yao au kumbukumbu yake tu. Walihitaji mahali pa kukaa, na Gishwati ilikuwa wazi. Watu walijenga, walilima viazi, walichunga. Ilipofika mwaka 2001 hivi, msitu wa asili ulikuwa umebaki kama hekta 600. Linganisha na zile 28,000. Si rahisi kumlaumu mkimbizi aliyekata mti ili mwanawe alale pakavu, wala mimi simlaumu. Lakini mlima haukusikiliza sababu zetu.

Kabla sijaeleza mlima ulifanya nini, ngoja nirudi kwenye pembe za kijana wangu.

Ng'ombe mweusi na mweupe unayemwona Gishwati, au mzazi wake, asili yake ni Uholanzi na kaskazini mwa Ujerumani. Huitwa Friziani. Wengine wana damu ya Jersey, kisiwa kidogo kati ya Uingereza na Ufaransa, au ya Uswisi. Friziani halisi akilishwa na kutunzwa vizuri hutoa lita 20 kwa siku, hata zaidi. Kwa wengi wetu, hata hivyo, ng'ombe wa kweli wa maendeleo ni chotara. Mpandishe mbuguma wa Ankole kwa mbegu ya Friziani, na mtamba atakayezaliwa atakuwa nusu kwa nusu: ana uvumilivu wa mama na sehemu ya maziwa ya baba. Mpandishe mtamba huyo tena kwa Friziani, na ndama wake atakuwa na robo tatu za damu ya kigeni. Mara ya tatu, saba kwa nane. Kila hatua huongeza maziwa, na kila hatua huongeza madai: majani mengi zaidi, pumba, maji safi, dawa, mtaalamu wa mifugo anayefika anapoitwa. Mfugaji anayeikimbilia hatua ya tatu kabla ya kuwa na matete ya kutosha hujikuta na ng'ombe wa lita 20 anayetoa lita sita na kukonda. Nimewaona ng'ombe wa aina hiyo. Kosa si lao.

Siku hizi fahali haletwi. Kinacholetwa ni mrija mwembamba wa mbegu, uliohifadhiwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Kazi hii huitwa uhimilishaji. Kugandisha mbegu kuliwezekana baada ya wanasayansi wa Uingereza kugundua mwaka 1949 kwamba gliserini huzilinda zisife kwa baridi, na hapa Afrika Mashariki kituo cha uhimilishaji cha Kabete, karibu na Nairobi, kilikuwa kimekwisha kuanzishwa tangu 1946. Lakini sayansi yote hiyo inategemea macho ya mchungaji. Ng'ombe huingia kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, na dalili zake hudumu saa chache tu: anawapanda wenzake, anasimama kimya akipandwa, analia, maziwa yanapungua. Akionekana asubuhi, hupandishwa jioni. Akionekana jioni, hupandishwa kesho yake asubuhi. Mchungaji akilala au mvua ikimzuia kutazama, siku 21 zimepotea. Mimba huchukua miezi tisa na siku kadhaa, na miezi miwili ya mwisho ng'ombe hukaushwa ili kiwele kipumzike. Shamba linalouza maziwa hufanya kazi kwa kalenda hiyo. Mwenye kumbukumbu zilizoandikwa hupata ndama karibu kila mwaka kwa kila ng'ombe, na asiyeandika hupata ndama Mungu apendapo.

Ndugu mwanafunzi, ona pia jinsi maneno yanavyosimulia. Inyambo walisifiwa kwa mashairi. Ng'ombe wa shamba la maziwa husifiwa kwa tarakimu: lita kwa siku, mafuta kwa asilimia, tarehe ya kuzaa. Simsikitikii sana mshairi, maana tarakimu hizi zimesomesha watoto. Na ule uhusiano wa kale haukufa wote. Mwaka 2006 serikali ilianzisha mpango wa Girinka, wa kuipa familia maskini ng'ombe mmoja; mtamba wa kwanza atakayezaliwa hupewa jirani. Ni zawadi ya ng'ombe kama zamani, ila safari hii mpokeaji halazimiki kumtumikia mtu.

Ubovu wa biashara hii uko kati ya kiwele na kikombe. Maziwa yaliyotoka kukamuliwa yana joto la mwili, na vijidudu huongezeka humo kwa kasi yasipopoozwa hadi nyuzi nne hivi. Asubuhi, mkusanyaji anaweza kuyawahisha kwenye kituo chenye tangi la kupoozea, au yakaenda hadi kiwanda cha Mukamira, wilayani Nyabihu. Maziwa ya jioni ndiyo yenye taabu. Barabara ya mlimani ikilowa, pikipiki haipiti, na asiye na umeme hana pa kuyapooza. Ndiyo maana milima hii, kama Masisi ng'ambo ya mpaka, imejifunza kutengeneza jibini: lita kumi hivi za maziwa huwa kilo moja inayoweza kusubiri barabara ikauke. Usidhani ni ulafi wa kizungu. Ni akili ya mtu aliye mbali na lami.

Sasa, mlima. Mto Sebeya hukusanya maji yake kwenye vilima hivyo vya Gishwati, hupita Nyundo na kumwagika Ziwa Kivu karibu na mji wetu. Zamani mvua ilinyesha juu ya msitu, ikadondoka kutoka jani hadi jani, ikanyonywa na udongo, ikaufikia mto polepole. Juu ya mteremko uliolimwa viazi au kukanyagwa na kwato nyingi kupita kiasi, mvua hiyohiyo hukimbia ikiwa na udongo wote. Mwaka 2007 mafuriko yaliikumba Bigogwe. Serikali ikaanza kuwahamisha watu kwenye miteremko hatari na kuipanga upya ardhi ya Gishwati: pa kupanda miti, pa malisho, pa kulima kwa matuta. Wahifadhi wakaanza kuurudisha msitu kidogo kidogo, na mabaki ya Gishwati pamoja na ya Mukura yakafanywa hifadhi ya taifa, yakiwa na hekta 3,400 hivi kwa jumla. Mwaka 2020 UNESCO iliitambua sehemu hii kuwa hifadhi ya baiolojia.

Haikutosha, au haikuwahi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua ilinyesha mikoa ya Magharibi na Kaskazini, na watu zaidi ya 130 wakafa nchini. Sebeya iliacha njia yake na kupita ndani ya nyumba hapa Rubavu. Wanafunzi wangu kadhaa walikuja shuleni siku zilizofuata wamevaa nguo za kuazima. Wiki ile hapakuwa na maziwa ya kutosha Mbugangari, na sikumsikia mtu akilalamika.

Hapa sitaki kuwadanganya kwa jibu jepesi. Wapo wasemao ng'ombe waondolewe Gishwati msitu urudi wote. Watu hao hawanywi chai ya maziwa mahali ninapokunywa mimi, wala hawajui ni familia ngapi zinalipa karo kwa mitungi ile ya alfajiri. Wapo pia wasemao msitu haunywewi. Hao waje wanisaidie kueleza darasani maji ya bomba ya mji huu yanatoka wapi, maana mtambo wa Gihira unayasafisha kutoka Sebeya hiyohiyo, na mto ukijaa tope mtambo hulemewa. Mkamuaji naye huoshea kiwele na mitungi kwa maji. Mimi naona hesabu iko upande wa ng'ombe wachache walio bora. Mfugaji mwenye ng'ombe watatu wanaotoa lita 15 kila mmoja anapata lita 45. Ili apate hizo kwa ng'ombe wa lita tatu, anahitaji 15, yaani kwato 60 juu ya mteremko mmoja badala ya 12. Ng'ombe bora peke yake hauokoi mlima, kwani faida ikipatikana mtu hutamani kuongeza wa nne na wa tano. Ndipo sheria ya matumizi ya ardhi inapohitajika, na ndipo raia anapohitajika kuijua sheria hiyo kabla ya kuletewa barua ya kuhamishwa.

Nilimwahidi kijana wangu jibu, nikaona ni bora alione kwa macho. Muhula uliofuata tulipanda Gishwati, tukapokewa na mzee mmoja anayesimamia ng'ombe wa mtu mwingine. Alituonyesha miti aliyoipanda kando ya uzio ili kuushika udongo, na sehemu moja iliyomomonyoka aliyoiacha bila kuchungwa tangu mafuriko. Kijana akamuuliza lile swali lake. Mzee akaingia kibandani, akatoka na kipande cha chuma chenye mpini wa mti.

"Wengine wamezaliwa na pembe fupi kwa sababu ya baba zao," alisema. "Waliobaki nazichukua mimi. Ndama akiwa na wiki chache naipasha moto hii, naunguza kichipukizi, pembe haioti. Wakiwa wengi kwenye uzio mmoja, pembe zitawachoma matumbo na viwele."

"Wanaumia, mzee?"

"Wanaumia. Daktari wa mifugo akiwepo huwachoma sindano kwanza." Akaigeuza ile chuma mkononi, akamtazama. "Wewe ni wa wapi, mwanangu?"

"Mbugangari."

"Basi maziwa yangu unayanywa," alisema mzee, akamkabidhi kamba ya ndama amshikie.